Dhamana Huishia Yokohama

Fungua droo ya dashibodi ya gari la kifahari lililoshushwa Dar es Salaam kutoka Japani, kabla vijana wa yadi hawajalifanyia usafi, na mara nyingi utakuta kijitabu chenye jalada la plastiki. Ndani mna mihuri ya gereji zilizolihudumia gari, namba ya chasisi, tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, na kurasa kadhaa za maandishi madogo ambazo huku kwetu hakuna anayezisoma. Kurasa hizo ndizo waranti. Kwa gari la Toyota, kiwanda kinaahidi kutengeneza bure hitilafu za kawaida kwa miaka 3 au kilomita 60,000, na hitilafu za injini, gia boksi na viungo vingine nyeti kwa miaka 5 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Ila ahadi hiyo ni ya Japani peke yake. Gari likipanda meli, ahadi inabaki gatini.

Mimi ni wakala wa forodha. Nilianza kazi wakati fomu zinachapwa kwa taipureta na kutembezwa dirisha hadi dirisha kutafuta mihuri, na leo naifanya kwenye kompyuta. Kijapani sikijui, lakini miaka yao naisoma. Palipoandikwa Heisei naongeza 1988, palipoandikwa Reiwa naongeza 2018. Mteja akiniambia gari lake ni la 2012, nami nikakuta karatasi inasema Heisei 22, najua ni la 2010, na najua hesabu aliyokuja nayo mfukoni haitatosha ushuru.

Siku hizi wanakuja wateja na ombi jipya. "Mzee, nataka Lexus au Benzi iliyotumika, lakini iwe bado ina waranti." Wengi ni vijana waliosoma au kuishi nje. Wameona huko watu wananunua gari la miaka 3 kwa bei nafuu, na kiwanda kikaendelea kulibeba. Ombi lao si la kipuuzi. Ila linagusa mahali ambapo biashara yetu ilikatika zamani, na anayetaka kuelewa kwa nini ni gumu inabidi arudi nyuma kidogo.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na dhamana, ila magari yalikuwa machache. Volkswagen ilikuwa ya Cooper Motors, Mercedes ilikuwa ya DT Dobie, na kila wakala alikuwa na karakana, stoo ya vipuri na mafundi waliofunzwa na kiwanda. Gari lililotumika lilizunguka humu humu mjini: ofisa wa kikoloni anayerudi kwao alimuuzia daktari, daktari akamuuzia mfanyabiashara wa Kisutu. Mnunuzi hakuhitaji cheti, kwa sababu karakana iliyolihudumia gari ilikuwa mtaa wa pili, na fundi aliyelifungua injini alikuwa hai na anasalimiana na watu wote. Historia ya gari ilikaa vichwani mwa watu.

Mambo hayo yalivunjika hatua kwa hatua. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na miiko ya uongozi ikaifanya Benzi ya binafsi kuwa kitu cha kuulizwa maswali. Uagizaji ukawekwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na gari likawa kitu cha kibali: uliomba, ukasubiri, na pengine ukapangiwa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979, mwaka ambao pia tulikuwa tukimalizana na Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka. Wakubwa wangu kiumri wanakumbuka Jumapili za magari binafsi kukatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana. Waranti ya wakati huo, hata kama ingekuwapo, isingekuwa na kazi. Kiwanda kingeweza kukuahidi pampu mpya ya maji. Nani angepata dola za kuileta?

Hapo ndipo mtaa wa Gerezani ulipopata jina. Mafundi wake walichonga bushi kwenye mashine ya kukereza, wakafunga pistoni ya gari moja ndani ya injini ya jingine, wakaliendesha Peugeot 404 miaka mingi baada ya siku ambayo Wafaransa wenyewe wangelitupa. Tangu hapo mtu wa mjini alijifunza kwamba gari zuri ni lile ambalo fundi wake analijua. Jina la kiwanda lilikuja baadaye. Fikra hiyo haijatutoka mpaka leo.

Mlango ulifunguka mwaka 1984. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imewasaka wahujumu uchumi, watu wakificha hata sabuni. Bajeti ya Juni 1984 ikageuza mambo: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Pikapu zilianza kuonekana, nyingine zikipitia Dubai. Rais Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata, watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Februari 1991 yalipita maamuzi ya Zanzibar yaliyolegeza miiko ya uongozi, na mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa. Mtu aliweza kuingia dukani na shilingi akatoka na dola, akaagiza gari kwa faksi.

Wengi waliagiza Japani, na sababu zipo wazi. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo stelingi iko upande wetu. Kuna pia ukaguzi wa lazima wanaouita shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kila awamu ina gharama zake. Mtu wa Nagoya akikaribia ukaguzi mwingine, mara nyingi huona afadhali auze anunue jipya, na lile la zamani huenda mnadani. Kwa magari makubwa ya kifahari ndivyo hasa ilivyo, maana bei yake huporomoka upesi kule, na watu wanaotaka Crown au Celsior ya miaka 8 si wengi. Kinachoporomoka kwao ndicho tunachokiokota.

Karatasi ya mnada ndiyo iliyokuwa chombo changu cha kwanza cha kumlinda mteja, na mpaka leo sijaona kilicho bora zaidi. Ni ukurasa mmoja. Juu kuna daraja: 4.5 ni gari safi, 4 ni zuri, 3.5 lina alama za matumizi, na R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake mkaguzi ameweka herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa rangi upya, na namba inayofuata inaeleza ukubwa wa tatizo. W2 kwenye milango miwili ya upande mmoja inakuambia gari lilisuguana na kitu kirefu. Mtu akikuletea gari la daraja R akasema halijawahi kuguswa, karatasi imekwisha kumkana.

Tatizo ni kwamba karatasi hii ilikuwa ikifika kwetu ikitaka yenyewe. Kati ya mnada na bandari yetu palikaa wafanyabiashara, wengi wao Wapakistani waliohamia Japani wakaijua minada kuliko wenyeji wengi, wengine wakaweka maghala Dubai. Mwaka 2000 Dubai ilifungua eneo maalumu la magari ya kuuzwa tena nje, Ducamz, na magari ya stelingi ya kulia yakawa yanapita pale kabla ya kuja Afrika Mashariki. Kila mkono uliolishika gari ulikuwa na nafasi ya kupoteza karatasi, au kurudisha kilomita nyuma. Baadaye intaneti ilipunguza mikono hiyo. Be Forward, iliyoanzishwa mwaka 2004, iliweka picha na bei hadharani, na stika yake kwenye kioo cha nyuma ikaonekana kutoka Kariakoo hadi Tunduma. Mteja aliweza kuliona gari lake kabla ya kulipa. Lakini kuliona si kudhaminiwa. Masharti ya mauzo ya namna hiyo karibu yote yanasema jambo lile lile: gari linauzwa jinsi lilivyo.

Wenzetu wa nje walikuwa wanakwenda njia nyingine, na hapa ndipo ile ndoto ya vijana wangu ilipozaliwa. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1986 iliondoa nafuu ya kodi iliyokuwa ikitolewa kwa riba ya mikopo ya binafsi, mikopo ya magari ikiwamo. Wenye uwezo wengi wakaona ni heri kukodi gari jipya kwa miaka 2 au 3 kuliko kulinunua. Muda ukiisha, gari linarudi kwa muuzaji likiwa bado linang'aa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni kama Lexus na Mercedes zilijua kwamba magari hayo yakimwagwa mnadani yatashusha hadhi na bei ya yale mapya. Zikaamua kuyakagua, kurekebisha kasoro, kuyaongezea muda wa waranti ya kiwanda na kuyauza kwenye maduka yale yale ya magari mapya. Mnunuzi wa pili akapokewa kwa kahawa ile ile aliyopewa wa kwanza.

Japani nayo ikafuata njia hiyo. Kabla ya Agosti 2005 jina la Lexus halikuwapo katika maduka ya nchi ile. Gari lililouzwa Marekani kwa jina hilo liliuzwa kwao kama Toyota Celsior, Aristo au Harrier. Ndiyo maana Harrier nyingi zilifika hapa bila nembo ya Lexus, zikavalishwa Kariakoo. Baada ya Lexus kufungua maduka yake Japani, ilianza pia kuuza zilizotumika kwa dhamana yake. Hata kwa Toyota ya kawaida, waranti inaweza kuhamia kwa mmiliki mpya, mradi gari lipitishwe kwanza kwa wakala akalikague na kugonga muhuri. Utaratibu upo, na ni mzuri.

Ndiyo sababu magari hayo hatuyapati. Lexus ya miaka 3 yenye waranti ina mnunuzi pale pale Osaka, tena mwenye kulipa vizuri. Inayoshuka hadi kwenye bei yetu ni ile ambayo waranti imekwisha au inakaribia kwisha. Sheria za kwetu nazo zimejipanga karibu na umri huo. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515 cha mwaka 2000, hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza; basi Mombasa hupokea kwa wingi magari ya miaka 7. Tanzania haikuzuia, ila inatoza: gari likifika miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likipita 10 linaongezewa asilimia 30. Weka hesabu hizo kando ya miaka 5 ya waranti ya injini uone. Gari la kawaida linaloingia bandarini kwetu limeachwa na kiwanda chake miaka kadhaa kabla halijaiona Kigamboni.

Na wachache wanaoleta gari changa kweli? Nimetoa bandarini Benzi za miaka 2, za watu wenye pesa zao. Kijitabu kilikuwa na muda. Lakini dhamana ya kiwanda huendeshwa na wakala wa nchi ambayo gari liliuzwa, na ndiye anayelipwa na kiwanda kwa kazi hiyo. Wakala wa huku hakuliuza gari hilo, halimo kwenye vitabu vyake, na pengine lina injini au kompyuta ambayo haikuwahi kuletwa rasmi nchini. Atakutengenezea kwa furaha, kwa pesa yako.

Mteja wangu mmoja, mfamasia, aliagiza Mercedes E-Class kupitia mtandao. Ilishuka safi kabisa. Ukiiwasha, sauti ya mwanamke wa Kijapani inakukumbusha kuingiza kadi ya kulipia barabara, na redio inaishia 90 kwa sababu ya masafa ya kwao, hivyo stesheni nyingi za Dar zikawa hazishiki. Haya ni madogo. Kifaa cha kupanua masafa ya redio kinauzwa mtaani. Kubwa lilikuja kabla ya miezi mitatu: gari likagoma kubadilisha gia, likawa linatambaa kwa gia moja kutoka Mwenge hadi Posta. Nilimsaidia kuandika barua kwa muuzaji. Jibu lilikuja siku ya pili, la heshima na fupi: gari liliuzwa jinsi lilivyo. Kilichokufa kilikuwa bamba la umeme ndani ya gia boksi, ugonjwa ambao mafundi wa Benzi wanaujua vizuri. Kijana mmoja wa Ilala aliagiza jingine Dubai, akalifunga na kulioanisha na gari kwa kompyuta yake ya mkononi. Akampa mfamasia miezi sita: likifa tena, bamba utanunua wewe, kazi nitafanya bure. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Namba ya simu tu, na gereji ambayo kila mtu anajua ilipo.

Ninaposema historia ya biashara hii, nina maana ya ahadi kama hiyo ya fundi. Kiwanda kilipojitoa, kila mmoja hapa alijaribu kukaa kwenye kiti chake. Serikali ilijaribu kwa ukaguzi: kampuni kama JEVIC zikapewa kazi ya kukagua magari Japani kabla ya kupakiwa, baada ya janga la Fukushima la Machi 2011 vikaongezwa vipimo vya mionzi, na mwaka 2021 Shirika la Viwango, TBS, likauhamishia ukaguzi Dar es Salaam. Ukaguzi huo umetuondolea mabovu mengi, nami nausifu. Lakini cheti kinajibu swali la leo: breki zinashika, taa zinawaka, tairi zinafaa? Hakijibu swali la gia boksi ya mwezi wa tatu.

Fundi naye alikaa kwenye kiti hicho. Fundi mzuri anataka injini aikute ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika amekwisha kumtia shaka. Atavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho aone kama una mstari wa matope, kwa sababu gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila mahali isipokuwa hapo. Atalala chini atazame kutu kwenye vyuma vya tumbo, maana magari ya mikoa ya theluji hupita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani. Dalali naye ana dhamana yake, ambayo ni jina lake kijiweni. Hata namba ya usajili imefanywa shahidi: mtu anasema "ni namba D" au "ni namba E," na msikilizaji anajua papo hapo gari limekaa nchini miaka mingapi na bei iwe wapi. Namba inaeleza lini liliingia nchini. Haielezi lilikotoka lilifanywa nini, na wengi wameuziwa mbuzi kwenye gunia kwa kuiamini.

Sheria ipo pia, na inashangaza jinsi isivyotumiwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa Waingereza, inasema kwamba ukimweleza mfanyabiashara unakusudia kukitumia kitu kwa kazi gani, ukautegemea ujuzi wake, basi kitu hicho hakina budi kuifaa kazi hiyo. Inasema pia kwamba ukikagua mwenyewe, kasoro ambazo ukaguzi wako ungezifichua huwezi kuzilalamikia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaongeza ulinzi wa mlaji na chombo cha kumsimamia. Lakini sheria zote hizi zinataka mtu wa kumshitaki, mwenye ofisi na leseni ndani ya mipaka yetu. Aliyekuuzia akiwa Yokohama, utashinda kesi halafu ukamdai nani?

Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya gari la mtandaoni na lile la yadi ya Kinondoni, ambayo vijana wanaiita wizi, mimi siiiti hivyo moja kwa moja. Sehemu yake ni faida ya mwenye yadi. Sehemu nyingine ni bei ya kuwa na mtu wa kumrudia, na miaka hii baadhi ya yadi zimeanza kuiandika: mwezi mmoja, mitatu, wakati mwingine sita, kwa injini na gia boksi. Ni kidogo ukilinganisha na Houston au Osaka. Lakini ni mara ya kwanza tangu enzi za mawakala wa zamani kwa muuzaji wa gari lililotumika mjini hapa kusema kwa maandishi kwamba mauzo hayaishii getini.

Ndiyo maana kijana akija na lile ombi la Lexus yenye waranti, simcheki. Namwambia asahau ya kiwanda, adai ya muuzaji, na adai iandikwe juu ya risiti: namba ya chasisi, kilomita za siku ya mauzo, muda, viungo vinavyohusika kwa majina, vifaa vya umeme vya gia boksi vikiwamo, gereji itakayofanya kazi, na nani analipa ufundi. Haichukui nusu ukurasa. Muuzaji anayejua alichonacho ataandika, labda kwa kupunguza mwezi mmoja hapa na pale. Anayekataa hata kuandika kilomita, huyo usimuulize tena habari za waranti. Peleka pesa yako yadi ya jirani.